Msomaji Kaimu

Ofisi ya Usomaji wa Mabadiliko, Njombe, inautangazia umma kwamba kuanzia sasa viongozi wake watawaelewa binadamu.

Tangazo lilibandikwa mlangoni. Umma uliokuwa ukipita na magunia ya viazi ulilisoma, ukasema "haya," ukaendelea na safari.

Nyuma ya mlango huo, karibu na jiko la mkaa, aliketi Bwana Ezekieli, kaimu mkuu wa ofisi. Alikuwa amekaimu muda mrefu mpaka kiti kikashika umbo lake. Sasa waraka kutoka Dodoma ulimtaka kila kaimu asome riwaya moja, aelewe tabia za watu, akue ndani, kisha mkaguzi aje kumpima. Aliyekua angethibitishwa. Ambaye hakukua angerudi alikotoka, na Ezekieli alitoka masjala, chumba kisicho na dirisha wala jiko.

Riwaya ilikuja na basi. Ilikuwa nene. Ezekieli aliipima mkononi kama anayenunua kuku, akaitisha kikao.

"Swali la kitaalamu," alisema. "Kusoma ni jukumu au ni starehe?"

"Jukumu, mkuu," alijibu Priska, katibu muhtasi.

"Jukumu hukaimishwa?"

"Hukaimishwa, mkuu."

"Umesema mwenyewe." Akamsukumia kitabu.

Hapakuwa na ajabu yoyote. Ofisi hiyo hukaimisha kila kitu. Misibani huenda dereva na shada la maua. Kanisani, sadaka ya Ezekieli hutolewa na mlinzi. Hata mama yake mzazi, aliyelazwa hospitali ya Ikonda, Makete, kwa nyonga iliyovunjika, alikuwa akitembelewa vizuri kabisa: kila wiki dereva Issa alimpelekea machungwa na salamu za ofisi.

Priska naye alikuwa anachapa muhtasari wa kikao kuhusu umuhimu wa kusoma, hivyo hakuwa na nafasi ya kusoma. Akamwita Issa.

"Wewe kazi yako ni kusubiri," alimwambia. "Subiri huku unasoma."

Issa ni mtu wa Makambako. Kila akipeleka gari huko hupumzika kwa Somoe, mama lishe wa madereva wa malori. Siku hiyo aliagiza chai, akafungua kitabu, akaanza kunong'ona huku kidole kikitambaa juu ya mstari.

"Issa, unasoma au unaloga mtu?" aliuliza Somoe. "Soma tusikie. Huwezi, lete hapa."

Akaleta. Somoe alisoma huku anageuza chapati, na kila ukurasa ulipata alama yake ya mafuta. Ilikuwa habari ya bwana mmoja aliyempenda mama yake kwa kumtumia vifurushi. Vifurushi vilizidi kunenepa, lakini bwana mwenyewe hakuonekana. Madereva waliacha chai ikapoa.

Somoe alinyanyua macho. "Huyu bwana mnamjua?"

Zubeiri, mwenye lori la mbao, akafoka: "Da Somoe, mbona unaniangalia mimi?"

"Nilikuwa naangalia chapati. Umejiona mwenyewe."

Zubeiri akatoka nje, akapiga simu kwao Tanga. Wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Halafu mmoja akakumbuka kwamba na yeye ana simu, akatoka. Akafuata mwingine. Somoe alibaki na meza tupu na chapati zinazoungua.

Issa hakutoka. Mama yake alishafariki, hakuwa na namba ya kupiga. Lakini safari iliyofuata ya Ikonda hakumwachia nesi machungwa mlangoni kama kawaida. Alivuta stuli hadi kitandani kwa mama yake Ezekieli, akamenya chungwa, akafungua kitabu.

Kule Njombe, Ezekieli aliona tu kwamba gari linachelewa kurudi. Akaunda kamati ndogo.

Siku ya ukaguzi alifika Bi Fidelia kutoka Dodoma, mwanamke mwenye koti zito na maneno machache.

"Kitabu kimesomwa?"

"Kimesomwa kikamilifu," alisema Ezekieli, "kwa kufuata ngazi."

"Mwishoni yule bwana anafanya nini?"

Ezekieli akamtazama Priska. Priska akautazama mlango.

"Mwisho uko ngazi ya dereva," alisema Priska.

"Yuko wapi?"

"Ikonda. Kikazi."

"Mpigieni. Wekeni sauti kubwa."

Issa alipokea huku anahema. "Bosi, subiri kidogo. Namvalisha mama viatu. Ameruhusiwa leo."

"Ameruhusiwa? Mbona sikuarifiwa?"

"Nilimwambia dada Priska."

"Mkuu," alisema Priska kwa upole, "habari za nyumbani ulinikaimisha mimi. Nikazipokea."

Bi Fidelia aliandika kitu. Ezekieli akainamia simu. "Mpe mama. Kamwene, mama! Ni mimi, Ezekieli."

"Ezekieli yupi?"

"Mwanao!"

"Ahaa, wa machungwa. Kamwene, baba. Usijisumbue, una kazi nyingi. Huyu kaimu wako ananisomea, ananishika mkono nikienda chooni, na akinidanganya naiona sura yake. Mimi nimeshamthibitisha."

Simu ikakatwa. Bi Fidelia akafunga kalamu.

"Hongera," alisema. "Ukuaji nimeuona kwa masikio yangu. Tatizo ni kwamba umemtokea mtu mwingine. Masjala bado unaikumbuka iliko?"

Ezekieli alifungua mdomo kutetea cheo chake. Yalitoka maneno mengine kabisa.

"Priska, gari!"

"Gari liko Ikonda, mkuu."

"Basi nenda stendi ukani..."

Priska hakunyanyuka. Wala hakumjibu vibaya. Alimtazama tu, jinsi Somoe alivyoangalia chapati.

Ezekieli akavaa koti, akateremka stendi kwa miguu katika manyunyu, akauliza watu wawili mpaka akalipata basi la Makete. Lilikuwa linaunguruma, tayari kuondoka. Utingo aliiona tai, akanyoosha mikono kupokea, maana wazee wa aina hiyo anawafahamu.

"Mzigo uko wapi, mzee? Huko anaupokea nani?"

"Sina mzigo."

Utingo akashangaa. "Kwa hiyo unakwenda mwenyewe?"

Abiria wote wakageuka kumtazama. Dereva akakanyaga mafuta, na Ezekieli akatakiwa kujibu hapohapo, bila kikao.