Msitu Kwenye Koti la Mzee Ngoga

Jumatatu, 3 Juni
Nimeamua. Nitamchorea Mzee Ngoga msitu. Ndiye baba yake Umwiza, na Jumapili baada ya ibada atasema kati yangu na Octave ni nani aendelee kumposa binti yake. Octave huchora vibao vya saluni, kwa rula. Mimi nina kipaji. Mzee alishuka kutoka milima ya juu miaka mitatu iliyopita. Hapa Songo dirisha lake linatazama mabati ya jirani, na Umwiza anasema baba anaikumbuka miti yake hadi hali chakula vizuri. Mkono mtupu haulambwi.

Jumanne, 4 Juni
Mama Apolline, anayevuka mpaka wa Kavimvira kila siku, ameniletea tyubu sita za rangi za mafuta kutoka Bujumbura. Raha! Nimekaza kitambaa juu ya fremu ya dirisha la zamani. Sikupiga mstari hata mmoja. Mwalimu wa kwenye video anasema usipange kitu, acha brashi ifuate moyo. Moyo wangu umetoa miti kumi na minne kabla ya saa sita. Mama amepita akauliza kwa nini kabeji ziko ndani ya maji.
Octave amekwenda kwa Mzee kumwuliza alipenda mti gani. Kuuliza! Asiye na moyo lazima aulize.

Jumatano, 5 Juni
Rangi inakwisha, nusu ya msitu bado. Yale mafuta ya kitani ya kuongezea, Mama Apolline hakuyapata. Nimewaza. Mafuta ni mafuta. Jikoni kuna bidoni ya mawese ya kuungia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Brashi imeteleza vizuri sana. Majani yamekuwa mekundu kidogo, nimeyaita machweo.
Octave amesimama uani akasema mawese hayakauki. Wivu.

Alhamisi, 6 Juni
Haijakauka. Nimeianika juani. Sisimizi wamepanda miti yote, na mbuzi wa jirani yetu Noella amelamba kona moja. Nimepoteza miti mitatu. Pengo nimeliita njia ya ng'ombe.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeisogeza karibu na mbabula yenye makaa ya moto. Noella ametuma mtu kuuliza tunapika nini. Haijakauka.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeipeleka. Mzee alikuwa kwenye kikao cha kanisa. Sebule yake ina msumari mmoja tu, nikatundika hapo. Umwiza akauliza kama imekauka. Nikasema imekauka. Pembeni ilikuwa imekaribia. Akasema anatumaini sitamwaibisha mbele ya baba yake, na sauti yake ilinichoma. Nampenda kweli huyu msichana. Ningeweza kurudi kuiondoa. Sikurudi.

Jumapili, 9 Juni
Kumbe msumari ule ni wa koti jeupe la ibada. Mzee alirudi jana umeme hakuna, akalitundika kwa hanga, mgongo ukutani, kama siku zote. Leo akatoka alfajiri, peke yake. Kanisani amesimama kuomba, akageuka kuelekea mimbari. Mgongoni, msitu mzima. Kwaya imenyamaza katikati ya ubeti. Umwiza ameficha uso nyuma ya kitabu cha nyimbo.
Baada ya ibada tukaitwa nyumbani kwake. Octave alileta ubao wenye mti mmoja tu, kando ya kisima cha ng'ombe. Umekauka kabisa. Mzee ameutazama muda mrefu, akafuta macho. Kisha akanigeukia.
"Mwanangu, miti ya kwetu inanukaka mvua. Hii yako inanuka sombe."
Octave aendelee kuja. Mimi nirudishe koti likiwa safi. Nimelia njiani, sifichi.

Jumatatu, 10 Juni
Nimefikiri vizuri. Mtu hamkabidhi koti lake la ibada kijana aliyemkataa. Bado nimo. Tena nimelitazama juani: msitu umekaa vizuri kwenye koti kuliko kwenye kitambaa. Hata kabeji hazionekani. Kulifua itakuwa dhambi. Upande mmoja tu pana pengo, pale alipolamba mbuzi. Nimeongeza miti mitatu, kwa moyo, bila kumwuliza mtu. Kesho asubuhi nampelekea.
Safari hii sikutia mawese, mimi si mjinga. Nimetia mafuta ya karanga.