Naomba Nitangazwe Kuwa Mtoto wa Miaka Kumi na Mmoja

Ndugu Mhariri,

"Mtu mzima anayemwaga chai hana ugonjwa. Hana umakini." Maneno hayo aliyaandika Bwana Clement Sugden katika safu yake ya Jumamosi iliyopita, ukurasa wa saba wa gazeti lako, juu kidogo ya tangazo la mbolea. Nimeyasoma mara kadhaa nikitafuta hoja ilipo. Nilichopata ni nukta mbili, na chini yake mbolea.

Kwa wasomaji wasiomfahamu, Bwana Sugden alikuwa mwalimu wa michezo hapa Harthwaite, enzi zile watoto wakikimbizwa kwenye matope ya Januari wakiwa na kaptura, na anayelia akiongezewa mzunguko. Alipostaafu shule ilimpa saa ya ukutani, kisha wewe ukampa safu. Ni heri angebaki na saa. Kwa wasionifahamu mimi, ni mkutubi wa maktaba ya mji huu, nina miaka hamsini na mitatu, na ndimi niliyemmwagia chai Diwani Ogden mapajani mwezi uliopita. Bwana Sugden hakunitaja jina. Hakuwa na haja. Harthwaite nzima ilikuwa na habari kabla diwani hajabadilisha suruali.

Ninaamini nina dispraksia. Usiogope kuishika barua hii, haiambukizi. Ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo: kichwa kinatoa amri iliyonyooka, mkono unaipokea ikiwa imepinda. Akili haina kasoro. Naweza kukutajia kila kitabu kilichoko kwenye rafu za historia bila kuinuka kitini. Nikiinuka, rafu zijiangalie zenyewe.

Naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba, kwa heshima zote.

1. Maktaba imegeuzwa mgahawa. Mwaka jana halmashauri iliamua kwamba watu hawawezi tena kuvumilia vitabu vitupu, ikaweka mashine ya kahawa pale palipokuwa na kamusi. Tangu siku hiyo sisi wakutubi tunabeba sinia. Nimefanya kazi hapa tangu ujana wangu, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kulalamika kwamba nimemmwagia riwaya. Lakini wiki ya kwanza ya sinia ilikuwa ya msiba kwa vikombe. Mzee Amos Thwaite, ambaye huja kila asubuhi kusoma matokeo ya kriketi, alianza kuniuliza, "Hester, binti yangu, leo chai yangu inakuja kwenye kikombe, au nivue shati niikamue?" Huyo nimemsamehe, kwa sababu akishacheka huinuka na kuifuata mwenyewe. Meneja wangu, Bi Glenys Tordoff, sijamsamehe. "Ni sinia, Hester! Sinia tu, shoga yangu! Nani amekwambia urushe ndege?" Baada ya suruali ya diwani aliniandikia onyo la mwisho. Alhamisi ya wiki ijayo kitakaa kikao, nami nitaachishwa kazi, isipokuwa nikileta karatasi ya mtaalamu inayosema kwamba tatizo langu lina jina.

2. Nikaenda kuitafuta karatasi. Daktari wa zahanati yetu, kijana mwenye adabu sana, aliniambia nifumbe macho niguse pua. Nikaigusa. "Safi kabisa mama, huna lolote," akasema. Nikamshukuru, nikageuka, nikafungua mlango, nikaingia ndani ya kabati lake la bandeji. Alinisubiri nitoke. "Usijali, inawatokea wengi." Nikamwuliza ni wengi gani hao wanaoingia kabatini mwake. Aliangalia dari kidogo, kisha akaniandikia rufaa ya kwenda kliniki ya wilaya, inayoshughulika na mambo haya haya.

3. Nikapiga simu kliniki. Nilipokewa na sauti ya upole. "Mtoto ana miaka mingapi, dada?" Nikasema mtoto ni mimi. "Haya, wewe una miaka mingapi?" Nikamwambia. "Uuu! Hapo umeshatupita, dada yangu. Sisi tunaishia kumi na minane." Nikauliza, wenye miaka kumi na tisa wanakwenda wapi? "Wanakwenda nyumbani," akasema, na hakuwa anatania.

Ndipo nilipoielewa sayansi yao, ndugu Mhariri, nikavua kofia. Hali ambayo mtu huzaliwa nayo, ambayo haina dawa wala sindano, kumbe huisha yenyewe siku mtu anapotimiza miaka kumi na minane! Jana yake hawezi kufunga vifungo vya shati, leo ni fundi saa. Na kwa nini tuishie hapo? Naishauri serikali ipeleke ukomo huo huo kwenye kisukari. Maduka ya miwani nayo yafungwe kwa watu wazima wote, na atakayegonga ukuta aambiwe na Bwana Sugden kwamba hana umakini.

4. Sasa Bwana Sugden mwenyewe. Ili kuthibitisha kwamba dispraksia ni uvivu uliovaa koti la hospitali, alimtoa mfano mwanafunzi wake wa zamani: "msichana mrefu, nywele nyekundu, ambaye hakuwahi kudaka mpira ila kwa uso, darasa likigeuka kushoto, yeye anageuka kulia, alifungiwa kamba za viatu na wenzake hadi ana miaka kumi na mitatu, siku moja alikwama juu ya farasi wa mbao wa mazoezi hadi mlinzi wa shule akaletwa na ngazi." Hakuna neno la uongo hapo. Kwa kumbukumbu, mtu huyu ni bora kuliko kamera. Ni akili ya kuunganisha alichokiona ndiyo iliyosahauliwa uwanjani pamoja na koni. Mvivu, Mwalimu, angekaa chini. Mvivu angejifanya anaumwa tumbo. Yule msichana alimpanda yule farasi kila wiki na kuanguka kila wiki, huku wewe umesimama chini na kipenga chako ukipiga kelele, "Oldroyd! Wewe ni mtu au gunia la viazi?" Sikukujibu siku hiyo. Nilikuwa bado nalifikiria swali.

Na nililifikiria kwa miaka mingi, naomba hili lichapwe bila kukatwa. Nimejiita mzembe asubuhi na jioni, jikoni, kwenye ngazi, mbele ya kila mlango wenye kitasa, kabla gazeti lako halijanisaidia. Sitaki kuonewa huruma, wala sitaki kusamehewa vikombe, vikombe nitalipa. Nataka sinia apewe mwenye mikono ya sinia, nami nirudishiwe vitabu vyangu. Kuna watu wazima mjini humu wanaoficha mikono mifukoni kwenye kila sherehe, na wanajua ninachosema.

5. Kwa hiyo natoa ombi langu. Kwa kuwa kliniki inapima watoto tu, na kwa kuwa kubadilisha kliniki ni kazi kubwa, naona ni rahisi zaidi kunibadilisha mimi. Naomba halmashauri initangaze rasmi kuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, kuanzia Jumatatu.

Matokeo yake nimeyatafakari kwa makini. Mwanangu Barnaby, fundi bomba, mwenye miaka ishirini na sita, atakuwa mlezi wangu. Nilipomweleza alinikazia macho, akasema, "Sawa mama, lakini saa mbili kitandani, na mboga unamaliza zote." Nahofia atakuwa mkali, ila sheria ni sheria. Basi nitapanda kwa nauli ya mtoto. Mikutano ya wakutubi sitahudhuria, nitakuwa na kazi za shule. Isitoshe itabainika kwamba halmashauri imemwajiri mtoto mdogo kubeba chai ya moto, jambo ambalo ni jinai tangu enzi za viwanda vya pamba. Bi Tordoff ajisalimishe polisi mapema, na diwani aje kama shahidi pamoja na suruali. Na tukimtazama vizuri, diwani mwenyewe ana mashaka. Chai ilipomfika alipiga ukelele, "Mama yangu weee!" uliosikika hadi posta. Mtu anayemwita mama yake namna hiyo hajatimiza miaka kumi na minane. Atangazwe naye, twende kliniki pamoja, tushikane mikono tukivuka barabara.

6. Mwisho, naomba umwondoe Bwana Sugden kwenye gazeti hili leo hii. Nafasi yake iongezewe mbolea, ambayo angalau huotesha kitu.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa mpigapicha aliyenipiga picha nikiwa nimefumba macho mbele ya mashine ya kahawa. Mzee Thwaite akiisoma hii, ajue kikombe chake kipo kaunta, kimejaa, na mimi nimekaa mbali nacho.

Ni mimi, mtoto mtarajiwa,

Hester Oldroyd
Mkutubi, hadi Alhamisi

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha simu ikalia. Wilaya jirani wana mtaalamu anayepima watu wazima. Yule dada wa sauti ya upole, kumbe, hakulilalia jambo langu, akaniulizia huko. Kuna mtu ameahirisha, nafasi ni Jumanne, na karatasi nitapewa siku hiyo hiyo. Sharti ni moja: nifike na maelezo yaliyotiwa sahihi na mtu aliyeniona utotoni, aeleze mikono na miguu yangu ilivyokuwa. Wazazi wangu wako makaburini nyuma ya kanisa. Ndugu sina. Nimewapitia kichwani wote waliobaki, na anayekumbuka kila kitu ni mmoja tu.

Kwa hiyo, Mhariri, futa namba tano. Miaka yangu nitabaki nayo. Futa na namba sita, haraka. Usimguse Bwana Sugden, usimuudhi, usimpe likizo. Ukiweza mpe ukurasa wa kwanza.

Na wewe, Mwalimu Sugden, najua unasoma. Chukua kalamu. Andika yale yale uliyoandika: mpira usoni, kushoto na kulia, kamba za viatu, farasi wa mbao na ngazi ya mlinzi. Gunia la viazi pia litie. Usinipunguzie hata kidogo na usianze kunihurumia sasa, utaniharibia ushahidi. Neno "mvivu" liache kama lilivyo, atalikata mtaalamu mwenyewe. Tia sahihi. Ulete maktaba Jumatatu asubuhi tukifungua, na ukitaka chai, inuka ukaimimine mwenyewe.