Kobe Kumi na Wawili

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Ijumaa ni siku ya wazazi. Mwaka jana Mwalimu wa Sanaa alipigiwa makofi mpaka nikatoka nje kujifanya napokea simu. Mwaka huu hapana! Nina chumba cha kompyuta, mashine kumi na mbili, na watoto wa darasa la nne wanaoburuta vipande vya rangi vyenye amri kwenye skrini, wakavipanga, kobe akatembea. Nimewaambia kila mmoja atunge mchezo wake. Tatizo ni kwamba wanatunga kweli. Kobe mmoja anakwenda kinyumenyume. Mwingine ana mabawa. Aibu tupu.

Jumanne, tarehe 4 Juni
Mpwa wangu, binti wa dada, kaweka lori. Kobe amekaa kando ya barabara, lori linapita, ukiligusa linapiga honi. Honi ni sauti yake mwenyewe, kajirekodi huku kabana pua. Baba yake ni dereva wa masafa marefu, miezi mitano hajaonekana nyumbani. Ijumaa anapita mjini kwa saa moja tu. Mtoto kaomba akae mashine ya karibu na mlango, baba asipoteze muda kumtafuta. Nikamwambia mjomba wako nipo, ondoa shaka. Ila lori limepinda, na ile honi ni mbuzi mwenye mafua. Mwalimu wa Sanaa kachungulia dirishani, katabasamu. Tabasamu lile nalijua.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Wazo! Nimetunga kobe wangu: anachora nyota, anazunguka, anainama. Watoto walipoondoka nikamnakili kwenye mashine zote. Faili zao zote zinaitwa Kobe, na wangu nikamwita Kobe, mtu asichanganyikiwe. Mashine ikauliza: faili ipo, nibadilishe? Nikajibu ndiyo. Mara kumi na mbili. Kesho wote watainama kwa pamoja. Mwalimu wa Sanaa atakoma!

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Waliinama. Makofi manne, labda matano. Kisha mzazi mmoja akauliza inakuwaje darasa zima lina akili moja. Mwalimu wa Sanaa hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma.
Shemeji aliingia na vumbi la safari, kofia mkononi. Binti yake akamvuta hadi mashine ya mlangoni, akabonyeza. Nyota. Akabonyeza tena. Nyota. Akapekua faili moja moja. Baba mtu akasema ni nzuri sana, mwanangu.
“Si yangu hii,” akamwambia. “Yangu ulikuwemo wewe.”
Saa ikaisha, shemeji akaondoka. Ningeweza kusema ni mimi. Nilikuwa na nafasi kabisa, nikaanza kukunja nyaya.

Jumapili, tarehe 9 Juni
Nimekwenda kula kwa dada. Nimekiri yote kabla hata sijanawa mikono. Dada kasema tangu utotoni nikishika mwanasesere wa mwenzangu namrudisha bila mguu. Nikamwomba mtoto msamaha. Kasema amenisamehe, kisha akanisogezea maji: “Karibu, Mwalimu.”
Mwalimu! Nyumbani! Tangu ajue kusema, mimi ni Mjomba. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu kahamia na begi lake. Nimemkosea yule mtoto, na moyo unaniuma.

Jumanne, tarehe 11 Juni
Ameanza upya. Shemeji anapita tena Alhamisi, akiwa njiani kurudi. Leo lori lina gurudumu moja na honi ya puani, kairekodi upya. Nikauliza kama anataka msaada. Akanijibu kwa adabu nisiguse. Nikaahidi.
Lakini jamani, gurudumu moja! Kwa mwendo huu Alhamisi itamkuta njiani. Basi watoto walipoondoka nimemmalizia mwenyewe. Magurudumu sita. Moshi. Honi ya lori la kweli. Ile ya puani nimeifuta. Nimehifadhi juu ya kazi yake, asihangaike kutafuta.
Kesho ataniita Mjomba.