Namna ya Kumwondoa Maganga Mezani Pangu

Jumamosi, 3 Juni 1978. Mbeya.
Baridi kali. Chai imemwagika juu ya Ziwa Rukwa. Aliyemwaga: Maganga. Sababu: kucheka.

Niandike kwa utaratibu. Kila Jumamosi alasiri tunacheza Msafara chumbani kwangu, Sokomatola. Mchezo aliubuni Mwalimu Ezekia, anayefundisha jiografia. Ramani ni ya manila, kete moja ya ludo, na kila mtu ana nafasi yake. Mwalimu anasimulia yanayotokea njiani, sisi tunasema tunafanya nini, kete inaamua. Tunapeleka chumvi Iringa kutoka Rukwa. Mimi ni Mtemi, kiongozi wa msafara. Sekela, ambaye ni muuguzi, ni mganga. Maganga, dereva wa lori, ni mpagazi. Nafasi hiyo nilimpa mimi, makusudi, ili asiwe na la kusema.

Ana la kusema. Leo wezi walituvamia Chimala. Nikaamuru tupigane. Mpagazi akawauliza wezi kwao ni wapi. Mwalimu akacheka, kete ikaanguka sita, wezi wakawa shemeji zake. Tukala nao. Miezi miwili hatujafika hata Rujewa! Sekela alicheka mpaka akafuta machozi. Kwa utani wangu hajawahi kufuta chochote.

Meza ni yangu. Viti vitatu kati ya vinne ni vyangu. Maganga lazima aondoke.

Jumatatu, 5 Juni.
Nimeandika kanuni. Kumi na nne. Hakuna kucheka kupita kiasi. Hakuna kusema kabla ya Mtemi. Hakuna undugu na wezi. Atakayevunja kanuni tatu, anajiondoa mwenyewe. Sijamtaja mtu. Nimeandika kazini, stoo, wakati mkuu wangu alipokwenda kunywa chai. Nimempitishia Mwalimu. Aliuliza kama ni za bweni la wavulana.

Jumamosi, 10 Juni.
Nimezisoma kanuni nikiwa nimesimama. Maganga alisikiliza kama yuko kanisani. Kisha akakaa, mikono magotini, hakusema neno saa nzima. Mchezo ukapoa kama uji wa jana. Mwalimu aliangalia saa mara nne.

Sekela alikuwa anaandika kitu pembeni. Nilidhani anaandika dawa za mganga. Kumbe anahesabu. Maganga: sifuri. Mwalimu: moja. Mimi: tano. Sikujua kwamba kumkatiza msimulizi ni kanuni ya sita. Niliiandika mwenyewe.

Ikapigwa kura kanuni ziwekwe kando. Tatu kwa moja. Maganga aliomba radhi kwa kupiga kura kinyume nami, akasema kanuni ya tisa ilikuwa nzuri.

Jumatano, 14 Juni.
Mpango wa pili, huu hauna karatasi. Nimekwenda kwa Mwalimu na kilo mbili za sukari, ambayo mji mzima unaitafuta. Nikamweleza, kwa mafumbo, kwamba msafara wa kweli usingekosa chui, na kwamba chui hupenda wapagazi, kwa kuwa wanatembea nyuma. Mpagazi akiliwa, mchezaji wake atakuwa hana kazi tena mezani. Mwalimu aliitazama sukari, akanitazama mimi. Akasema chui atakuwepo, ila wa kuliwa ataamuliwa na kete. Atakayepata namba ndogo.

Namba ndogo ni Maganga tu. Anatupa kete hovyo, kama anatupia kuku mahindi.

Jumamosi, 17 Juni.
Chui alitokea karibu na Rujewa.
Sekela nne. Maganga tano.
Mimi moja.

Nilidai kete imegonga kikombe. Nikarudia. Moja. Sekela akasema kama mganga amejitahidi, lakini hakuna kilichobaki cha kutibiwa.

Nikasema basi, mchezo umekwisha, bila Mtemi hakuna msafara. Hapo Maganga akazungumza, taratibu, bila kucheka. Alisema mpagazi hawezi kumwacha bosi wake porini aliwe na fisi. Akatangaza kwamba atabeba chumvi kichwani na Mtemi mgongoni mpaka Iringa, akazikwe kwao. Mwalimu akasema sawa.

Nimeshiriki saa mbili zilizobaki kama mzigo. Walipofika mtoni, Maganga aliuliza kama mzigo haujalowa. Tumevuka Rujewa, tumefika karibu na Makambako. Kwa siku moja! Nimekasirika sana.

Jumanne, 20 Juni.
Nimekwenda mwenyewe. Mwanaume anasema uso kwa uso.

Maganga anakaa Mwanjelwa. Mke wake, Mbuke, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila," akanipa maziwa ya mgando kutoka kwa ndugu zao wa Usangu, waliohamia huko na ng'ombe. Nilikunywa vikombe viwili kabla ya kufungua mdomo. Kisha nikasema. Kwamba mchezo unataka utulivu. Kwamba kundi limeona ni heri apumzike.

Akauliza, "Wote wameona hivyo?"

Nikasema, "Wote."

Alikaa kimya. Sijawahi kumwona amekaa kimya bila kanuni. Kisha akasema, "Mimi ni mtu wa kelele, najua. Nyumbani tulizaliwa kumi na wawili. Asiyepiga kelele alilala njaa." Akaongeza kwamba mjini hapa hana watu, kwa hiyo Jumamosi ikifika huwa anazidisha. Akaniomba niwaambie wenzangu wamsamehe.

Mbuke alichukua kikombe changu kabla sijamaliza cha tatu.

Maganga alinisindikiza mpaka barabarani. Nimeshinda.

Jumamosi, 24 Juni.
Nimefuta meza. Nimepanga viti vitatu. Nimechemsha chai. Saa tisa, hakuna mtu. Saa kumi, hakuna mtu. Nikamwendea Sekela. Jirani yake akasema ametoka tangu mchana, amekwenda Mwanjelwa.

Niliwakuta kwa Maganga, wote, mkekani. Ramani wameichora upya nyuma ya kalenda. Kumbe Sekela alikutana na Mbuke kliniki, akaambiwa yote.

Mwalimu alijifanya anachonga penseli. Sekela alinitazama. Akasema, "Kaka Silvester, mimi sikumtuma mtu."

Nikageuka niondoke, ndipo Maganga akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kaa, Ndugu Silvester," akasema. "Tumefika Iringa. Tunataka kumzika Mtemi, nami nimewaambia hatumziki mpaka mwenyewe awepo."

Nikakaa. Sekela alimimina chai, mimi wa mwisho. Maganga akasimama kutoa hotuba ya mazishi. Alisema marehemu alikuwa mkali, hakuwa na subira, na njia nzima hakumshukuru mtu. Lakini chumvi ilikuwa wazo lake, na leo watu wa Iringa wanatia chumvi kwenye mboga. Mbuke, aliyekuwa mlangoni, akasema amina.

Macho yaliniwasha. Niliwaambia ni moshi wa jiko. Jiko lilikuwa halijawashwa, na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Wamenipa nafasi mpya: mpagazi wa pili, nitembee nyuma ya Maganga. Nikakubali. Tulicheka mpaka jua likashuka. Niliporudi nyumbani nilijiona mnyonge kwa yale niliyoyafanya. Nadhani ni mara ya kwanza.

Jumapili, 25 Juni.
Nimelala vizuri, nimeamka na akili iliyotulia. Sasa naona kosa langu lote.

Nilimlenga mtu asiye na hatia. Tatizo halikuwa Maganga hata siku moja. Tatizo ni Mwalimu. Msimulizi anayeruhusu chui amle Mtemi, tena mbele ya muuguzi, hafai kusimulia. Anakunywa chai ya watu, anaangalia saa, na jiografia yake ina mashaka: kutoka Rujewa hadi karibu na Makambako kwa saa mbili, na maiti mgongoni! Msafara unamhitaji msimulizi makini, mwenye mwandiko mzuri. Simtaji mtu.

Nimeanza kuandika hoja zangu. Zimefika kumi na saba. Kesho jioni nitakwenda Mwanjelwa nimwombe Maganga akamwambie Mwalimu apumzike. Afadhali asikie kutoka kwake. Maganga ni mtu mwema sana, hawezi kunikatalia.