Mgongo wa Kiyoyozi

Waliomwita Kiyoyozi hawakukosea: aliwapoza watu kwa maneno mpaka wakajisahau wenyewe na mifuko yao. Siku aliyosikia kwamba kliniki ya maumivu sugu inatoa vidonge vikali, na kwamba mtaani wapo wanaovinunua bila kuuliza bei, mgongo wake ulianza kuuma papo hapo.

Akaingia kwenye foleni amejikunja kama ndoana. Kando yake alikaa mwalimu mstaafu mwenye mkongojo, ambaye wote pale walimwita Mama Mwalimu.

"Mwanangu, umejikunja vizuri," alimnong'oneza, "lakini simu yako ilipoanguka uliinama ukaiokota kama mwanariadha."

Kiyoyozi akajikunja zaidi.

"Usiogope. Mimi miguu inaniwaka moto miaka yote hii, na daktari ananipa vidonge vya mafua kwa sababu nacheka. Humo ndani wanaamini machozi. Nenda kalie."

Akaenda akalia. Alilia kwa ufundi, akamtaja na marehemu mama yake, ambaye saa hiyo alikuwa sokoni, mzima kabisa, akigombania nyanya. Daktari, msomi wa kuheshimika, nusura alie naye. Akamwandikia dawa kali.

Alipotoka na chupa ya vidonge, Mama Mwalimu akamvuta kando. "Getini wanapekua vijana. Mimi hakuna anayenigusa. Tia chupa kwenye mkoba wangu."

Mama akapitia chooni kwanza, maana utu uzima una mambo yake. Mlinzi akamfungulia geti kwa adabu zote, na nje Kiyoyozi akarudishiwa chupa, na dua juu.

Jioni mnunuzi, pande la mtu, akameza viwili. Akangoja. Akatafuna cha tatu.

"Hii si dawa ya mafua?"

Yaliyofuata Kiyoyozi aliyapokea kwa mgongo.

Siku ya kliniki alirudi, safari hii akiumwa kweli, akamkuta Mama Mwalimu kwenye benchi, uso umenawiri.

"Mwizi huyu!" alipiga kelele Kiyoyozi.

Muuguzi akageuka. "Kaiba nini? Dawa zako? Zilifikaje kwake? Na leo tunakagua chupa za wagonjwa wote. Hebu toa yako tuhesabu."

Kiyoyozi akautazama mlango, na mlinzi aliyeuziba.

"Samahani, dada. Nimemfananisha." Akainama kwa taabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgongo je?"

"Umepona kabisa," alijibu, machozi ya kweli yakimlengalenga.

"Tushukuru," alisema Mama Mwalimu, akakunja miguu yake taratibu, bila kukunja uso.