Hamimu na Mstari Mmoja wa Chaki

Punguzeni redio zenu, enyi watu wa Mutakura na viunga vyake! Mwenye sufuria motoni na aiepue, mwenye mteja kitini na amwambie asubiri, na aliyeko chooni tutamngoja. Nimekuja kuwasimulia vita vilivyopiganwa mchana kweupe, kando ya barabara ya vumbi, baina ya mtu mmoja na maneno matatu ya chaki. Damu haikumwagika. Ilimwagika Fanta chupa moja, nayo ilikuwa yangu, wala sijaisahau.

Shujaa wa habari hii ni Hamimu bin Ramadhani, Bwana wa Nyaya, Mlinzi wa Flashi Elfu, mtu wa miaka hamsini na tisa ambaye baba yake na babu yake walizaliwa hapa Bujumbura, naye hachoki kukukumbusha. Katika duka lake, ambalo upana wake ni wa kitanda cha watu wawili, watu huleta simu na flashi zao naye huwajazia nyimbo. Lakini utukufu wake haukutoka humo. Utukufu wake ulitoka kwenye ubao.

Kwani ilikuwa desturi, kwa miaka kumi na mmoja, kwamba kila Jumapili ya mwisho ya Disemba, baada ya sala ya alasiri, Hamimu huvaa kanzu nyeupe, husimamisha ubao mweusi mbele ya duka, na juu ya ubao huo huwa zimeandikwa nyimbo kumi bora za mwaka, za roki na za hip-hop. Na chini kabisa, peke yake kama kuku mwenye kideri, huwekwa wimbo mmoja ulio mbaya kuliko zote. Neno la ubao lilikuwa sheria. Wenye baa walilifuata, na maharusi walilifuata. Na kilichoandikwa hakikufutwa kamwe. Mwaka mmoja aliupa namba moja wimbo ambao baadaye ulijulikana kuwa ni tangazo la sabuni, na hata huo hakuufuta. Alisema sabuni hiyo ina gitaa zuri.

Hata hivyo desturi ilikuwa na huruma yake kidogo. Wimbo uliohukumiwa ni lazima upigwe mara ya mwisho mbele ya watu, tangu mwanzo hadi mwisho, na mwenyewe awepo, asije akasema amehukumiwa bila kusikilizwa.

Sasa mwaka ninaousimulia, enyi wasikivu, ulikuwa mwaka wa mavuno. Katika roki waliinuka Vyura wa Buterere, majemedari watatu wa gitaa wanaofanyia mazoezi kando ya mashamba ya mpunga, wakatoa “Maji Yamefika Kitandani”, na nyuma ya sauti zao vyura wa kweli wanaitikia, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwafukuza. Niliusikia nikalia, maana niliwahi kupanga Buterere na maji yaliwahi kufika kitandani kwangu. Lilikuwapo pia kundi jingine la roki, nitalisitiri jina, lililotoa nyimbo tisa ambazo zote zilikuwa wimbo mmoja. Katika hip-hop aling'ara Jimmy wa Kigobe, kijana wa nyumba yenye geti na jenereta, kwa wimbo wake “Niko Sawa”, ambamo alitamka kwamba yuko sawa mara arobaini na moja, hata sisi tukaanza kuwa na wasiwasi juu yake. Hamimu aliupenda sana. Alisema ni wimbo msafi, kila neno linasikika, akaupa namba moja. Mimi, fundi viatu wa jirani na mwandishi wa tarikhi hii, sikukubaliana naye. Lakini nilinyamaza, kwa kuwa natumia umeme wake.

Na pale chini kabisa, kwa herufi kubwa, aliandika: “Dévote, kelele tupu.”

Dévote ni nani? Ni Simba Jike wa Soko, Mwenye Beseni, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, ambaye wateja wakipungua hutoa daftari lake na kuandika mashairi ya rap, hata kurasa zake zote zinanuka ziwa. Mwaka ule alikuwa ametoa wimbo uitwao “Ukigusa Ununue”. Na hiyo ilikuwa mara ya tatu mfululizo jina lake kukaa chini ya ubao. Alikuwa ameapa mbele ya mama yake kwamba akishindwa mara ya tatu ataacha muziki, na daftari lile atalichana kufungia ndagala.

Basi saa ilipofika, watu wakajaa mpaka katikati ya barabara, naye akaja, beseni kichwani, daftari kwapani, akasimama mbele ya ubao akajisomea. Kisha akanena, na sauti yake ikavuka upande wa pili:

“Papa Hamimu! Mwaka ya kwanza uliandika kelele, nikaenda nyumbani nikalia. Mwaka ya pili ukaandika tena, nikasema bon, pengine mzee amechoka. Leo njo mara ya tatu. Mi siko mutu wa kubishana na ubao. Watu wote wa quartier wanasema masikio yako haikosee, na mi mwenyewe nimeanza kuamini. Piga ile wimbo, watu wasikie, kisha hii kaye ya mashairi nitaichana hapa hapa mbele yako.”

Watu wakaguna. Nami niliumia, nasema kweli, maana daftari lile nalijua, na mara mbili Dévote aliwahi kunisomea mistari yake huku nikimshonea ndala.

Hamimu akainua mkono, kanzu ikapepea, akajibu kwa taadhima:

“Binti yangu, usinione mutu mubaya. Hii masikio ni Mungu alinipa, na baba yangu alikuwa fundi wa redio mbele ya we kuzaliwa. Maneno yako iko muzuri. Lakini chini ya maneno hakuna kitu! Ni kama chai ya maji tupu. Wallahi, kama ningekuwa mutu wa uongo, leo ningekupa namba ine. Lakini ubao haijue uongo.”

Akamgeukia Sultani. Sultani ni spika yake, kongwe, yenye kimo cha mbuzi, imevikwa kitambaa cheusi, na nyimbo zote za miaka yote zilihukumiwa kwa kinywa chake. Hamimu akabonyeza, na kutoka kwa Sultani ikatoka tss, tss, tss, na ndani yake sauti ya Dévote kama mtu anayeita kutoka ndani ya dumu la mafuta. Akaongeza sauti ili aibu izidi kudhihirika. “Munasikia?” akasema. “Munasikia wenyewe?” Akaongeza tena. Hapo Sultani akakohoa mara mbili, akatoa harufu ya mpira unaoungua, akanyamaza.

Ikawa fadhaa. Wimbo haukufika hata nusu, na desturi inataka ufike mwisho. Wako waliosema yatosha, tumesikia. Lakini Hamimu, tumpe haki yake, alikataa katakata. Alisema hata mwizi humaliza maneno yake.

Ndipo alipojitokeza Mirindi, Mpasua Mbao, seremala aliyevuka kutoka Congo miaka tisa iliyopita na kufungua karakana ng'ambo ya barabara, ambamo hutengeneza masanduku ya spika. Akasimama juu ya tofali, akasema:

“Wapenzi, mimi niko na bafle mupya ya kwaya ya kanisa letu. Nimeimaliza leo asubuhi. Vernis haiyakauka, musiiguse sana. Nilitaka wimbo ya kwanza ndani yake ikuwe ya Bwana. Lakini Bwana iko na huruma, na huyu dada anahukumiwa. Kujeni tubebe.”

Wanaume wanne wakalibeba sanduku lile, wakitembea kwa hatua ndogo na vidole vikinata, wakaliweka mbele ya duka. Nyaya zikaunganishwa. Wimbo ukaanzishwa upya.

Na besi ikatoka.

Ilianza ardhini, enyi watu. Niliihisi kwanza katika nyayo, kisha katika benchi, kisha misumari yangu ikaanza kucheza ndani ya kopo. Chupa yangu ya Fanta ikatembea yenyewe mpaka ukingoni, ikaanguka, nami sikuinyanyua. Mabati ya duka yakaitikia. Na juu ya besi ile sauti ya Dévote ikaketi kama mtu aliyeketi kwenye kiti chake mwenyewe:

“Samaki yangu si mulango, kila mutu anabisha,
ukigusa ununue, ao mukono rudisha!”

“Ununue!” wakaitika wanawake wa sokoni, bila kuambiwa. Ubeti wa pili ukaja, wakaitika tena, na safari hii hata mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa anapita akasimama akaitika. Nikamtazama Hamimu. Uso wake ulikuwa imara kama hakimu, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga chini kwa mapigo. Akauona. Akautazama kwa hasira kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemsaliti, akaukanyaga kwa mguu wa kushoto, na wa kushoto nao ukaanza.

Dévote alikuwa ameshusha beseni. Lazima mjue kwamba alirekodi wimbo ule chumbani kwa rafiki, na tangu hapo alikuwa ameusikia kwa simu yake ndogo na kwa Sultani tu. Akauliza, wala si kwa hotuba, kwa sauti ya chini kabisa:

“Ni mimi? Ile ni mimi?”

“Ni weye, dada,” akasema Mirindi.

Akalia waziwazi, mikono yake yenye magamba ikiwa mashavuni, na alikuwa anacheka humo humo. Wengine wetu tulilazimika kuinama na kukagua viatu ambavyo havikuwa na tatizo lolote.

Wimbo ulipokwisha, Mirindi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya Sultani na bisibisi mkononi. Akafungua parafujo nne, akaondoa kitambaa, akachungulia, akaita watu washuhudie. Spika kubwa ya chini, ile inayotoa besi, ilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Na ndani ya tundu palikuwa na kiota cha karatasi na nyuzi, na katika kiota panya na wanawe watano, akitutazama kama mama mwenye nyumba aliyeingiliwa bila hodi.

“Papa Hamimu,” akasema Mirindi kwa upole, “besi yako ilikufa zamani. Huyu mama ameikula. Miaka tatu, pengine ine. Ulikuwa unasikiliza tu na ile kadogo ya juu.”

Hapo kila kitu kikawa wazi, hata kwa sisi tusiojua nyaya. Jimmy wa Kigobe hakuweka besi, ndiyo maana alisikika msafi kama maji ya mvua. Dévote aliweka besi tupu, na besi yote iliishia tumboni mwa panya.

Macho yote yakageukia ubao, na Hamimu akageuka nao. “Ubao haifutwe,” akasema taratibu, kama anayejikumbusha. “Hata sabuni sikufuta.” Akainua mkono, ukafika nusu, ukarudi chini. Nilimwona kanzuni mwake akihesabu miaka: kumi na mmoja ya kutokosea, ama kumi na mmoja ya kutokukiri, na jasho likamtoka.

Hapo Waridi mkewe akatoka nyuma ya duka akifuta mikono. Yeye humwita kwa jina la binti yao mkubwa.

“Baba Assia,” akanena mbele ya umati, “nimeishi na we miaka makumi tatu. Sijasikia hata siku moja unasema umekosa. Hata ile siku ulipaka rangi nyumba ya jirani ukifikiri ni yetu, ulisema jirani njo amejenga karibu sana. Nikanyamaza, juu rangi ilikuwa muzuri. Lakini huyu mutoto wa watu anataka kuchana kaye yake. Sema tu. Hautakufa. Na kama utakufa, haki ya Mungu, nitakulilia vizuri.”

Watu wakacheka, naye Hamimu nusura acheke. Kisha akakunja ngumi ndani ya mkono wa kanzu yake nyeupe, akasogea hatua moja, na ya pili, na ya tatu, akauweka mkono ule juu ya mstari wa chini, akafuta. “Dévote” likaenda. “Kelele” likaenda. “Tupu” liling'ang'ania kidogo, maana alikuwa ameliandika kwa nguvu, akalisugua mara mbili mpaka vumbi la chaki likamwingia puani, akapiga chafya.

“Nimekosa,” akasema.

“Hatusikie!” wakapiga kelele wanawake wa sokoni, na nadhani walikuwa wamesikia.

“Nimekosa!” akanguruma Hamimu bin Ramadhani, na ng'ambo ya barabara mbwa akabweka. “Dévote binti yangu, nimekosa miaka tatu! Unisamehe!”

Akamshusha Jimmy mpaka namba tisa. Akawapandisha Vyura kileleni. Kisha akaandika jina la Dévote kwenye namba mbili, akarudi nyuma kulitazama.

Dévote alipangusa machozi, akakunja uso. “Namba mbili? Nani ananishinda?”

“Vyura wa Buterere.”

Akafikiri. “Vyura sawa,” akasema. “Wale, hata mvua iliwasaidia. Lakini mwaka kesho, Papa, mi nakuja kutafuta ile ya kwanza, na bafle nitakuja nayo mwenyewe.” Akajitwika beseni, akaliweka daftari kwapani, akaondoka na wanawake wote wa soko nyuma yake wakiitika.

Nafasi ya chini ikabaki tupu, na desturi haitaki tupu. Watu wakaanza kutaja majina, wengine walitaja lile kundi la nyimbo tisa. Hamimu akawanyamazisha kwa kiganja, akachukua chaki, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa, huku sote tukimtazama: “Masikio ya Hamimu.”

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na msiokuwa na kalamu mshike kichwani. Mwaka ule hakuna mji ulioanguka wala ngome iliyotekwa Mutakura. Lakini mtu mzima mwenye duka, jina na kanzu safi, mbele ya umati na mbele ya mke wake, alisema “nimekosa” mara mbili, na ya pili kwa sauti. Wako walioteka miji kumi wakafa bila kuliweza hilo.