Mshika Kamba wa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kapata mchezo. Anakwea ukuta. Si ukuta wa nyumba ya mtu. Ni ukuta wa mbao ndani ya ghala la zamani nyuma ya kituo cha mabasi, umejaa vishikio vya rangi rangi kama peremende. Nesi mzima, mama wa watoto walioota ndevu. Nilidhani ni homa ya wiki moja, na sasa mwaka umegeuka.

Leo nimekwenda kumchukua. Yuko juu karibu na dari, na kamba inayomzuia asianguke imeshikwa huku chini na mwanamume. Dereva wa gari la wagonjwa hospitalini kwao. Wanamwita Mrefu, na kweli ni mrefu. Nikauliza kwa upole kwa nini kamba ya mke isishikwe na mume. Kocha, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, akasema mshika kamba lazima kwanza apande mwenyewe hadi juu na kushushwa, ajue aliye juu anajisikiaje. Mimi naogopa ngazi, hata balbu ya sebuleni hubadilishwa na mke wangu.

Nikasema Jumamosi napanda. Sijui nani aliutumia mdomo wangu.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi ya nguvu. Pale kwenye duka langu la ushonaji nina bomba la kutundikia nguo zilizokwisha kushonwa. Nimefunga cherehani, nimening'inia. Raha kidogo. Kisha bomba limeng'oka, nimelala sakafuni chini ya magauni ya wasindikizaji wa harusi. Kuinua macho, bibi harusi huyo mlangoni. Nikamwambia napima uimara wa kitambaa. Akashukuru kwa umakini wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kanifuma nikiinua pasi ya mkaa kwa mkono mmoja. Akauliza kulikoni. Nikasema afya. Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akanichua mabega kwa dawa. Ana mikono mizuri yule. Akaniambia wanaoanza wote hukosea hivyo hivyo, hudhani kukwea ni mikono, kumbe mwili unabebwa na miguu. Akasema hata Mrefu alikosea hivyo mwanzoni. Mrefu, Mrefu. Mabega yakauma upya.

Mkanda wake wa kukwea, ule wa kiunoni na mapajani, ameutundika nyuma ya mlango. Nimeukagua. Mishono imejazana mahali pamoja, mahali pengine hamna kitu. Mke wangu ananing'inia hewani kwa mishono ya mtu nisiyemjua! Usingizi wote umekwisha.

Ijumaa, 7 Machi

Yeye yuko zamu. Nimeushona upya mkanda wote. Uzi wa turubai, sindano ya ngozi, mishono ya kwenda na kurudi. Hata tembo angening'inia. Kwa ndani, pasipoonekana, nimemtilia ua dogo la uzi mwekundu. Mrefu ana urefu. Mimi nina ufundi.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Kumbe Kocha hupitisha vidole kwenye kila mkanda kabla mtu hajapanda. Vidole vikasimama. Akauliza nani kashona hapa. Nikanyoosha mkono kwa fahari.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba sindano yangu imekata nyuzi za ndani na mkanda huo hauaminiki tena. Akachukua mkasi akaukata vipande, asije mwingine akauvaa. Mikanda mingine yote ilikuwa na watu. Na leo ndiyo siku mke wangu alikuwa ajaribu ule ukuta wa kona, aliouota tangu mwaka jana. Kuhusu kupanda kwangu hakuna aliyeuliza tena.

Mlangoni akasema neno moja tu, kwamba ningemuuliza kwanza.

Jumapili, 9 Machi

Bado amenuna. Nimeshindwa. Nimemwambia wazi kwamba niliogopa. Kwamba nikimwona kule juu namwona tayari ameanguka, na kama ni lazima ashikwe, basi ashikwe na kitu nilichokigusa mimi.

Akasema anajua. Akasema Mrefu hashiki kamba kwa sababu ana nguvu. Anashika kwa sababu anamtazama yeye tu na hafungui mdomo. Wewe, akasema, utashika kamba huku unanifundisha kupanda. Nikaanza kubisha, nikajizuia. Nimekaa kimya kumwonyesha kwamba naweza. Nimeweza mpaka chai ilipochemka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepanda, kwa mkanda wa kuazima. Kamba yangu kashika mke wangu.

Nusu ya njia miguu ikaanza kucheza kama pedali ya cherehani. Nikaukumbatia ukuta. Nikatangaza kwamba nitaishi hapo hapo, waniletee chakula. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema, nimekushika, mume wangu, achia. Mume wangu, mbele za watu! Nyumbani huniita Fundi. Nikafumba macho, nikaachia. Kamba ikanipokea, nikashuka polepole hadi mbele ya uso wake. Nimeolewa vizuri mimi, sijui niseme vipi.

Nikapanda tena, safari hii kwa miguu, kama nilivyoambiwa. Nikagusa dari.

Baada ya mafunzo, Kocha akanipa kamba ya mke wangu, Mrefu akisimama nyuma yangu kashika mwisho wa kamba kwa usalama. Mke wangu akaenda kwenye ukuta wa kona. Sikusema neno. Shingo iliuma, ulimi uliuma zaidi. Kila alipopiga hatua niliisikia viganjani. Alipofika juu akageuka akanitazama, na mimi machozi yakanitoka. Nikasema ni vumbi la chaki wanayojipaka mikononi. Mrefu akanipa leso yake. Ni mtu mzuri, na hilo linaudhi.

Jumapili, 16 Machi

Yeye yuko zamu. Nimeona kimfuko chake cha chaki mezani, kile anachofunga kiunoni kukaushia viganja. Ubavuni kuna kitu chekundu. Ua langu. Aliokota kile kipande siku mkanda ulipokatwa, akakishona mwenyewe kwa mkono. Mishono imepinda, mingine mirefu, fundo liko nje. Nikachukua mkasi niirekebishe. Nimeiacha. Ni mishono mizuri kuliko yangu yote. Nimeelewa sasa. Vitu vyake ni vyake, siku hizi nauliza kwanza.

Ila nimeona pia viatu vyake vya kukwea. Vimebana kiasi kwamba vidole vyake hurudi nyumbani vimejikunja, maskini. Anasema vinatakiwa kubana. Wapi. Fundi viatu wa mtaa wa pili ana kalibu ya mbao ya kutanulia viatu, na zamu haiishi mpaka jioni. Hapo hakuna sindano wala uzi, kwa hiyo si kosa lile. Navitanua kidogo tu.

Atafurahi sana.